Manete ya Mkono wa Kushoto

Hippolyte alianguka na pikipiki yake kwenye lango la nyumba yake mwenyewe, mtaa wa Saio, akiwa katika mwendo ambao haukufukuza hata kuku. Kuku walikuwa pale pale wakichakura. Walisogea kidogo kumpisha, kisha wakarudi kwenye shughuli yao. Pikipiki ililala ubavu wa kushoto, na Hippolyte akalala kando yake, kofia ngumu kichwani, akitazama mawingu kama mtu aliyefika hapo kwa ajili hiyo.

Mkewe, Geneviève, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi amuka."

"Mi naamuka."

Aliposimama alikagua hasara. Manete ya ambreyaji, yaani ule mkono mwembamba wa chuma ulio upande wa kushoto wa usukani, ambao dereva huuvuta kwa vidole kabla ya kubadili gia, ilikuwa imekatika katikati. Komodo, kile kisanduku chenye vifungo vya taa na honi, au klakson, kilikuwa kimepasuka na nyaya zimetoka nje kama utumbo wa samaki. Zaidi ya hapo Yamaha nyekundu ya mwaka themanini na nne haikuwa na jeraha.

"Manete ilikuwa mubaya," Hippolyte akasema.

Geneviève akaitazama manete. Kisha akautazama mkono wa kushoto wa mumewe, ambao ulikuwa tayari umerudishwa katika mfuko wa jaketi.

"Ni kweli, imevunjika," akakubali, akarudi jikoni kwa sababu sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa motoni.

Hippolyte alikuwa muuguzi wa mifugo. Watu walimwita Dokta, naye hakuwahi kuwasahihisha. Pikipiki ile alipewa ujanani na mradi mmoja wa kuchanja ng'ombe upande wa Gety. Mradi ulipokwisha wenye mradi walipanda ndege, pikipiki ikabaki, na hakuna aliyekuja kuiulizia. Vita vilipowahamisha watu, vilimhamisha naye, na alifika Bunia na mkewe, mtoto wao Gaël, sanduku la sindano na Yamaha. Tangu hapo alikuwa akitibu nguruwe na mbuzi wa mitaa yote, na mbwa wa watu wenye nyumba za ghorofa.

Mwanzoni mwa mwaka huu presha ilimkamata asubuhi moja akinywa chai. Kikombe kilianguka, mdomo ukaenda upande. Hospitalini walisema mshipa mmoja mdogo kichwani umeziba. Mdomo ulirudi mahali pake. Mguu ulirudi, ukiburuta kidogo. Mkono wa kushoto haukurudi. Ulikuwepo, ulining'inia begani kama kawaida, ila ulikuwa hausikii ukiitwa.

Nyumbani kwake hakuna aliyeutaja. Kila asubuhi Geneviève alimfunga vifungo vya shati huku akimweleza habari za mvua, naye alimsikiliza akiangalia dirishani. Waliomuuliza alikuwa wapi muda wote ule aliwajibu kwamba alikuwa na malaria.

*

Duka la Kavira lilikuwa karibu na soko kubwa. Kavira alikuwa mwanamke wa Butembo, aliyehamia Bunia na mzigo mmoja wa minyororo ya pikipiki, na sasa kuta zake zote zilikuwa zimejaa kable, vioo na matairi mpaka darini. Hakuwa na desturi ya kucheka akiwa kazini. Kando ya duka, chini ya hema la plastiki, alifanya kazi fundi mmoja aliyeitwa Osée, mtu wa Djugu, mwenye maneno machache na vidole vyeusi visivyoweza kusafishika tena. Osée ndiye aliyekuja kuisukuma Yamaha kutoka Saio, Hippolyte akitembea nyuma yake kama mtu anayesindikiza jeneza la ndugu wa mbali.

"Manete ya hii piki ya zamani," Kavira akasema, "mi niko nayo ya namna tatu. Kuna ya original, ilitolewa ku piki ingine yenye ilikufa. Kuna ya mupya yenye inafanana na original. Na kuna yenye haifanane, lakini Osée akipiga nyundo itaingia."

Akazipanga mezani. Hippolyte akaokota ya kwanza, akaivuta. Akaokota ya pili, akaivuta. Alizivuta zote kwa mkono wa kulia.

"Hizo ni za kushoto, Dokta," Kavira akasema.

"Ninajua upande yake."

Akaivuta tena ile ya original. Ilikuwa imechakaa vizuri, ya chuma cheupe, na kwenye ncha ilikuwa na kijipira kidogo cha duara. Alipenda uzito wake.

"Hii njo iko mwepesi."

"Manete yote iko mwepesi kama haijafungwa ku kable."

"Nimesema hii."

Kavira akaifunga katika gazeti. Osée akaichukua, akaifunga kwenye usukani, akafunga na komodo kuukuu aliyoipata kwenye debe lake la vyuma. Hippolyte akapanda. Akauweka mkono wa kushoto kwenye manete akiusaidia na wa kulia, kidole kimoja kimoja, huku Osée akitafuta kitu ardhini ambacho hakikuwepo. Kisha akavuta. Bega lilipanda. Shingo ilikaza. Manete haikusogea.

"Kable," Hippolyte akasema.

Osée akabadilisha kable. Manete haikusogea.

"Mafuta."

Osée akatia mafuta katika kable, matone yakatokea upande wa pili. Akaijaribu mwenyewe kwa kidole kimoja, ikaja bila ubishi. Akautazama usukani kwa muda.

"Inawezekana springi za ndani njo ziko nguvu, Dokta," akasema.

"Njo hiyo. Springi."

Osée akafungua injini na kuweka springi laini, akijua anachokifanya. Sasa manete ilivutika kama uzi wa nguo. Tatizo ni kwamba ambreyaji haikukamata tena kitu. Hippolyte alipopanda mlima wa kurudi nyumbani injini ilinguruma kwa nguvu zake zote na pikipiki ikabaki pale pale, moshi ukimzunguka, mpaka mama mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani akamkuta, akamsalimia, akampita, akapotelea kileleni.

Zikarudishwa springi za zamani.

Wiki iliyofuata Hippolyte alirudi dukani kutafuta manete ndefu. Alieleza kwamba mpini mrefu hurahisisha kazi, kama kwenye jembe, na katika hilo alikuwa sahihi. Kavira alimpatia manete ya pikipiki kubwa, iliyotokeza nje ya usukani kama mguu wa panzi. Hippolyte aligundua kwamba kwa urefu ule hahitaji vidole. Angeweza kuikumbatia kwa kiwiko na kuivuta kwa mwili mzima. Jambo ambalo hakuligundua mapema ni kwamba anayevuta manete kwa mwili mzima anavuta na usukani. Kila alipobadili gia, pikipiki ilielekea kushoto. Gia ya pili ilimpeleka kwenye mtaro. Ya tatu ilimpeleka kwenye choo cha jirani, ambacho kwa bahati kilikuwa cha mbao na hakikuwa na mtu.

"Barabara yetu inainama kushoto," alimwambia mkewe.

"Tangu tufike hapa," Geneviève akasema.

Baada ya hapo ikaja manete fupi. Baada ya ile fupi ikaja moja iliyopindwa kwa moto. Zilizokataliwa zilirudi nyumbani mfukoni, kwa kuwa Hippolyte alikuwa mtu asiyetupa chuma, na Geneviève akazipatia kazi. Moja ilizuia mlango wa jikoni usifungwe na upepo. Nyingine aliitumia kuvunjia makaa, na aliisifu sana.

*

Wazo la mwisho lilikuwa la Osée, na Osée alikuwa na fahari nalo, jambo ambalo lilionekana kwa sababu siku hiyo alizungumza sentensi nzima bila kuulizwa.

"Dokta, mi nilifikiri hivi: juu nini ambreyaji lazima ikae kushoto? Nani aliandika? Tunaweza kuipeleka kuume, chini ya manete ya fre, zote mbili pamoja, na kule kushoto tunaacha mukono ipumuzike."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulitaja neno mkono. Osée alilitambua hilo baada ya kulisema, akainamia sanduku la vifaa.

Hippolyte akapapasa upande wa kulia wa usukani. Kisha akasema, "Tuone."

Osée alifanya kazi nzuri. Manete mbili zilikaa upande wa kulia, moja juu ya nyingine, kama mdomo wa ndege. Mkono wa kulia sasa ungesokota gesi ya kuongezea mwendo, ungevuta fre, yaani breki, na ungevuta ambreyaji. Wa kushoto ungeshika tu usukani, na kwa kuwa ukishikishwa kitu ulikuwa hauachi, kazi hiyo iliufaa.

Walienda kujaribu Jumamosi asubuhi kwenye kiwanja kilicho wazi mbele ya kanisa la mchungaji Sébastien. Kanisa lenyewe lilikuwa la nguzo na hema, pande tatu wazi, na kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Geneviève alikuja pia, akasimama kando na mkoba wake mbele ya tumbo.

Hippolyte alianza vizuri. Gia ya kwanza iliingia. Alizunguka kiwanja mara moja, mgongo umenyooka, na Geneviève aliuona uso wake ukiwa kama zamani, uso wa mtu anayekwenda mahali ambapo anahitajiwa. Kisha akataka gia ya pili. Vidole vya kulia, vikiwa na manete mbili za kuchagua, vilizichagua zote mbili. Gurudumu la mbele lilikazwa, pikipiki ikapiga magoti, Hippolyte akaogopa akaziachia zote kwa pamoja, na kiganja kilekile kilipokuwa kikiachia kikasokota gesi mpaka mwisho.

Aliingia kanisani kwa upande wa kati ulio wazi. Kwaya ilikuwa katika ubeti wa pili. Waimbaji wa sauti ya kwanza walihamia upande wa sauti ya pili bila kukatisha wimbo. Yamaha ilipita kati ya viti, ikagusa ngoma ndogo, ikaegemea ngoma kubwa, ikazimika. Kimya kilichofuata kilidumu mpaka ngoma ndogo ilipomaliza kuzunguka sakafuni.

"Karibu, Dokta," mchungaji Sébastien akasema.

"Asante, mchungaji."

Osée alikuja mbio. Aliinama, akaangalia gurudumu.

"Fre iko inakamata muzuri," akasema, kwa kuwa lilikuwa jambo pekee jema lililokuwepo kusemwa. "Labda ile manete ya chini tunaisogeza kidogo..."

"Osée. Wacha."

Geneviève alikuwa amefika. Hakusema pole. Alianza kuondoa vidole vya mkono wa kushoto kutoka kwenye usukani, kimoja kimoja, kwa sababu vilikuwa vimekaza pale na havikujua kwamba safari imekwisha. Hippolyte alivitazama vidole vikiondolewa kama mtu anayetazama kazi inayofanyiwa mtu mwingine.

"Hii piki haina kosa," akasema. "Hata manete. Hata ile ya kwanza, ya original. Ni mukono."

Mwimbaji mmoja akakohoa.

"Mukono haisikie," akasema tena, kwa sauti ya chini, na mdomo ulitetemeka upande ule ule uliowahi kupinda. "Ninaiambia, haisikie."

"Tunajua," Geneviève akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kikombe."

"Na juu nini hamukusema?"

"Ulikuwa unachagua manete," akasema Geneviève, akamaliza kidole cha mwisho.

*

Siku chache zilizofuata Hippolyte alikaa uani kwenye kiti cha mbao, uso ukiwa umeelekea ukuta wa jirani. Simu yake iliita mara kwa mara. Mama mmoja wa Mudzipela aitwaye Micheline alikuwa na nguruwe jike aliyekataa kula. Hippolyte alimwambia kwamba hana usafiri. Alijaribu kwenda kwa pikipiki ya kukodi, lakini motari, yaani dereva wake, alitaka sanduku la sindano liwekwe mbele, juu ya tanki, kati ya magoti yake na kuku wa mtu mwingine, na Hippolyte akashuka kabla hawajaondoka.

Gaël alipiga simu kutoka Niania, ambako alikuwa akifanya biashara ya mbao.

"Papa, uza ile piki."

"Iko na historia," Hippolyte akasema.

"Uza na historia."

Hippolyte akakata simu, akaondoka kwenye kiti. Geneviève alipochungulia dirishani alimwona amesimama mbele ya Yamaha, akiifuta tanki kwa ukingo wa shati, akitumia mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umelala juu ya kiti cha pikipiki alikouweka ili usimsumbue. Geneviève alivua aproni, akavaa viatu vya kufunga, akatoka.

"Papa Gaël, twende kwa Kavira."

"Kufanya nini?"

"Kuchagua manete."

"Ile mambo tulishamaliza."

"Ulimaliza yako." Akaunyoosha mkono wake wa kushoto, akafungua vidole na kuvifunga. "Sasa ni yangu."

Hippolyte akaacha kufuta tanki.

"Weye haujue kuendesha piki."

"Ninajua."

"Nani alikufundisha?"

"Masista. Kule Gety, ku maternité, mahali wamama wanazalaka. Walikuwa na piki moja ya bluu, na Sista mukubwa aliogopa shimo. Mi njo nilikuwa napeleka dawa mu vijiji."

"Mbele tuoane?"

"Mbele."

"Na miaka yote hii haukusema."

"Piki ilikuwa moja," Geneviève akasema, "na weye ulikuwa juu yake."

Akashika usukani, akaisukuma Yamaha kwenda barabarani. Hippolyte alitembea nyuma yake mpaka dukani, akitafuta jibu.

*

Kavira alisikiliza shauri bila kuinua nyusi. Akauchukua mkono wa Geneviève, akaulaza mezani kama kitambaa, akapima kwa macho kutoka kwenye kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha kati.

"Mukono fupi," akasema. "Lakini iko na nguvu. Unafanyaka kazi gani?"

"Ninashona. Na unga ninatwanga mwenyewe."

"Inaonekana."

Kavira aliingia ndani, akarudi na manete moja iliyopinda kidogo kuelekea usukani, yenye skrubu ndogo ya kuisogeza karibu au mbali. Geneviève hakuivuta hewani. Aliomba ifungwe kwanza kwenye kable ya Yamaha iliyokuwa nje, akakaa juu yake, akaivuta, akaiachia polepole, akaivuta tena. Akamwomba Osée aikaze skrubu. Akavuta. Akamwomba ailegeze nusu. Kavira alisimama mlangoni, na wanaomfahamu wangesema kwamba alifurahi.

"Hiyo haiko ya original," Hippolyte akasema. Alikuwa amepewa kigoda kando ya matairi.

"Hata mukono yangu haiko original ya hii piki," Geneviève akasema.

"Rangi yake ni nyeusi. Ile ya kuume ni nyeupe. Watu wataona."

"Waone."

Manete ya fre pia ilichaguliwa, ya aina ile ile, na Osée alizing'oa zile mbili za upande wa kulia kwa haraka, bila kumtazama mtu. Ikabaki komodo. Kavira aliweka mezani mbili. Moja ilikuwa ya zamani, maandishi yamefutika. Nyingine ilikuwa mpya, na vifungo vyake vilikuwa vimetokeza. Geneviève alifumba macho, akaipapasa ya kwanza kwa kidole gumba, kisha ya pili. Akaichukua ya pili, kwa sababu kwenye ile ya kwanza kidole kilikuwa kimeangukia kifungo cha taa akitafuta cha kuonyesha kona.

Hippolyte akanyanyuka kutoka kwenye kigoda.

"Klakson iko wapi hapo?"

"Hapa chini."

"Iko mbali."

"Na kidole yangu iko karibu."

Hippolyte aliitazama komodo. Alikuwa amekubali mengi siku hiyo. Alikuwa amekubali manete nyeusi, amekubali kwamba atakaa nyuma, na amekubali Sista mkubwa aliyeogopa mashimo. Ilionekana kwamba hapo alikuwa amefika ukingoni.

"Mama Gaël, weye haujue watu ya kupigia klakson."

"Nitapigia mwenye iko mu njia."

"Njo kosa yenyewe. Klakson haiko juu ya njia tu. Kuna mutu ya kusalimia. Kuna mutu mwenye alisema nilikufa. Kuna mbuzi, na mbuzi haipigiwe sawa na mutu." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Nitakaa nyuma nikifanya nini?"

Geneviève aliacha kukagua vifungo. Alimgeukia Kavira. Kavira alimgeukia Osée. Osée, ambaye tangu siku ya kanisa alikuwa amerudi kwenye maneno yake machache, alijikuna shingo na kuiachia alama nyeusi.

"Waya inaweza kurefuka," akasema.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Waya mmoja ulitolewa kwenye komodo, ukapitishwa chini ya tanki, ukaja mpaka ukingo wa kiti cha nyuma, upande wa kulia, na hapo Osée akafunga kifungo kikubwa cha duara alichokitoa kwenye lori. Geneviève aliweka masharti mawili: klakson isipigwe mbele ya msiba, wala mbele ya hospitali. Hippolyte alikubali la msiba bila majadiliano. La hospitali aliomba apewe muda alifikirie.

*

Safari ya kwanza ya kazi ilikuwa kwenda kwa Micheline. Geneviève alifunga kitenge juu ya suruali ya mtoto wake, akakaza jaketi kwa mkanda, akapiga kiki kwa mguu wa kulia mara mbili, na Yamaha ikaitika. Sanduku la sindano lilifungwa nyuma. Hippolyte alipanda. Geneviève aliuchukua mkono wake wa kushoto na kuuingiza chini ya mkanda wake mwenyewe, kiunoni, kama mtu anayeweka kisu mahali pake.

"Iko muzuri pale?"

"Iko."

Akavuta manete, akatia gia, wakatoka langoni. Kuku walikimbia pande zote.

Kwenye kona ya barabara kubwa walikuwepo motari wanaosubiri abiria. Mmoja akapaza sauti, "Dokta! Leo mama njo chauffeur?"

Hippolyte hakugeuka. Alibonyeza kifungo, akakishikilia kwa muda mrefu, mpaka wakawa mbali. Mbele ya duka la nyama alibonyeza mara mbili fupi, mwenye nyama akainua kisu kumsalimia. Mbele ya nyumba moja ya bati la kijani alibonyeza kwa nguvu, na mtu fulani akatoka mlangoni na sabuni usoni, akamwona, akabaki ameduwaa.

"Huyo ni nani?" Geneviève akauliza.

"Njo mwenye alisema nilikufa."

Kwa jinsi miaka yote alivyokuwa akitazama mashimo, Hippolyte hakuwahi kuziona pande za barabara. Sasa aliziona. Aliuliza shule ile imejengwa lini. Geneviève akamwambia. Aliuliza ule mti mkubwa uliokuwa pale umekwenda wapi, na Geneviève akasema umekatwa zamani, na kwamba yeye mwenyewe Hippolyte alinunua makaa yake.

Micheline alikuwa ametoka Djugu na familia yake, nao walikuwa wakifuga nyuma ya nyumba ya mbao, kwenye banda la magogo. Nguruwe alikuwa amelala ubavu, masikio yakiwa moto. Hippolyte alipiga magoti kwenye matope, akamgusa tumbo, akasikiliza, akaijaza sindano kwa mkono wa kulia huku chupa ikiwa imebanwa kati ya magoti. Geneviève alimshika nguruwe sikio na mguu. Nguruwe alilalamika sana. Walipomaliza, Micheline alileta maji ya kunawa, akamuuliza Geneviève kwa heshima:

"Mama na weye uko dokta?"

"Hapana. Mi niko chauffeur."

"Na iko anajua kuendesha," Hippolyte akasema, akinawa, bila kumtazama mtu. Geneviève alijipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wakati wa kurudi mvua ilikuwa ikijikusanya upande wa mlima. Karibu na daraja mbuzi mmoja akaamua kuvuka. Hippolyte alibonyeza klakson, kwa mlio ule wa mbuzi, lakini mbuzi alikuwa na mawazo yake. Geneviève akavuta fre na ambreyaji kwa pamoja. Yamaha ikasimama kwa kuchechemea, Hippolyte akateleza mbele mpaka kifua chake kikamgusa mgongo, na Geneviève akahisi kitu kiunoni. Vidole viwili, pengine vitatu, vilikuwa vimeushika mkanda. Vilishika, vikakaa hivyo kwa kitambo kidogo, vikaachia.

Mbuzi alimaliza kuvuka. Geneviève akatia gia, wakaendelea.

Mbele kidogo palikuwa na kidimbwi ambacho hata baiskeli ingekipita bila kufikiri. Geneviève akavuta fre. Vidole vikashika.

Mahali barabara inapobana, pale wauza viazi wanapokaa, hapakuwa na shimo wala kidimbwi. Akavuta fre.

"Unafunga fre mingi," Hippolyte akasema nyuma ya sikio lake.

"Njia iko mubaya."

Walipita wauza viazi, wakapita kisima, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga tanki. Kisha Hippolyte akanyoosha shingo juu ya bega la mkewe, akaichunguza barabara kwa makini, kama alivyoichunguza miaka yote.

"Pale kuume," akasema, "kuna shimo ingine, kubwa."

Geneviève akaelekeza usukani huko.